Nyuma ya Pikapu

Juzi nilimsindikiza mwenzangu wa bwenini, alikuwa anaumwa tumbo, mpaka zahanati moja jirani na tunapokaa huku Chimwaga. Mlangoni pale, juu ya stuli, bado ipo ile chupa ya kubonyeza ya kitakasa mikono, imesahaulika tangu enzi zile, na mlinzi kwa mazoea akanionyesha kwa kidole kwamba nipake kabla sijaingia. Nikabonyeza. Kilitoka kitone tu, lakini ile harufu kali ya spiriti iliponipanda puani, niliona mlango wa jiko la Bibi, na zabibu zilizooza kwenye kona ya ua, na Shangazi Damari amekaa peke yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa uji.

Mwenzangu akacheka, na tumbo lake linauma hivyo hivyo. "Umekumbuka enzi za barakoa? Ile likizo ilikuwa tamu, jamani." Akaanza kunihadithia jinsi mwalimu wao alivyokuwa anawatumia masomo kwenye simu, mama yake akamnunulia tableti, wakawa wanapika keki mchana kutwa na kuangalia katuni mpaka macho yakawa mekundu. Alinenepa, anasema, sare ikakataa kufunga. Nikamwambia pole.

Watu wa rika langu wakiiita likizo huwa ninanyamaza, maana nikianza kusema simalizi vizuri. Leo acha niseme kwa maandishi, ambako hakuna wa kunikata kauli. Bibi yangu alikufa miezi ile, na kijiji chetu mpaka kesho kinaamini aliyemuua ni binti yake mwenyewe. Nilikuwepo, nilisikia na niliona, na sikubali.

Kwetu ni upande wa Hombolo, ukishalipita bwawa. Nililelewa na Bibi, mama yake baba. Baba alishafariki na mama aliolewa tena huko Kondoa, hayo si ya leo. Bibi alikuwa na kishamba cha zabibu nyuma ya nyumba, jiko la tembe lenye paa la udongo ambalo hakutaka libomolewe, na mtoto mmoja aliyebaki hai, Shangazi Damari. Shangazi alikuwa anafanya kazi za ndani mjini, kwa mkubwa mmoja wa ofisini ambaye sisi tulimwita Bosi bila kumwona. Alikuwa ameingia nyumba ile bado msichana, akawalea watoto wa pale wote mpaka mkubwa wao, Kelvin, akaota ndevu. Sare zangu, madaftari yangu, sukari ya Bibi, vyote vilitoka kwenye mikono ya Shangazi. Na ada ninayolipiwa leo inatoka nyumba ile ile. Nayo nitaifikia.

Siku ya mwisho kabla shule hazijafungwa, mwalimu alituweka mstarini akasema ugonjwa umeingia nchini, na kwamba sisi wa darasa la sita sasa ndio walimu wa nyumbani. Tuwafundishe wazee kunawa. Mimi nilikuwa mtoto wa kimbelembele, nililichukua jambo lile kama nimepewa cheo. Nilifika nyumbani nikalitoa beseni la bati uvunguni mwa kitanda, nikalijaza maji, nikalikalisha mlangoni. Anayetoka shamba, anawe. Anayetoka chooni, anawe. Mgeni kabla ya kusalimia, anawe.

Sasa, aliyekulia kwenye maji ya bomba la ndani hatajua beseni lile lilivyofanya kazi. Kwetu mnanawa maji mamoja. Mkubwa anaanza, anafuatia mwenye umri wa karibu yake, mpaka mnafika kwa mtoto wa mwisho ambaye ananawa tope. Si uchafu, ni adabu, na ni akili pia, kwa sababu maji matamu yako mbali na dumu linakaa kichwani mwa mtu, na maji ya bwawa yana chumvi ya kukaza ngozi. Kwa hiyo amri ya mwalimu ilipokuja, tulinawa kuliko nyumba zote, mara chungu nzima kwa siku, beseni lile lile, maji yale yale ya asubuhi mpaka jioni. Bibi alinitii. Alikuwa anatumbukiza mikono yake mikavu, anasugua, ananionyesha viganja. "Mwalimu, nimefaulu?" Nami namwambia amefaulu.

Gari la matangazo lilipita mara moja. Spika mbili juu, sauti ya mwanamume iliyorekodiwa inasema tunawe kwa maji yanayotiririka na sabuni, tuepuke misongamano, tukae mbali mtu na mtu. Tulilikimbilia watoto wote kwa msongamano mmoja. Halikusimama. Vumbi lake lilipotua, Bibi akauliza maji yatatiririka kutoka wapi, mvua zenyewe ndizo hizo zinakata. Aliyekuwa na jibu alishakata kona anaelekea kijiji kingine.

Kwa kweli kijiji hakikuogopa. Watu walisema ni ugonjwa wa wapanda ndege. Mzee Malogo, mjumbe wetu, alikuwa anasema huku amekaa kwenye baiskeli yake: "Mimi nikipanda juu sana ni juu ya mzambarau. Utanipatia wapi?" Watu wakacheka. Kilichowauma ni zabibu. Ulikuwa ndio msimu wa kuvuna, na malori ya wanunuzi hayakuja. Tulikata vichala tukavitandaza, tukala mpaka midomo ikachanika, tukakausha, na zilizobaki zikaanza kuoza uani, zikawa zinatoa harufu ya pombe na kuita nzi.

Tulikuwa tunatupa zilizooza alasiri moja nilipoliona gari. Pikapu nyeupe, imetoka barabara kuu, inakuja kwetu kwetu. Nyuma kwenye bodi, juu ya godoro lililokunjwa, amekaa mtu amejifunika kitenge kichwa na mdomo, amezungukwa na mizigo. Nilipomtambua Shangazi nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Kwetu mtu anayekaa juu nyuma ya pikapu ni mpiga matarumbeta wa harusi, au ni mgombea anayeomba kura. Sikuwa nimewahi kuona mtu wa nyumbani kwetu amekaa pale. Nikakimbia kandokando ya gari nikiita watu watoke waone, Shangazi Damari ameletwa na gari, ameketishwa juu aonekane.

Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Nilikiona kwa macho yangu, kipo pembeni ya dereva, kimefunikwa nailoni, hakina mtu wala mfuko. Sikukijali. Leo kila anayesoma hapa ameshaelewa kwa nini mtu anapandishwa nyuma kwenye jua na vumbi kutoka mjini mpaka Hombolo wakati kiti cha mbele ni kitupu. Sikuelewa, na sioni aibu kwa hilo. Waliotakiwa kuona aibu walikuwa wanajua.

Dereva hakushuka. Alikuwa na barakoa na vioo vyote amevipandisha, kwenye joto lile. Watoto ndio tulioshusha mizigo: katoni ya sabuni za miche, gunia la mchele, chupa kubwa ya kitakasa mikono, barakoa za kitambaa zilizofungwa kwa raba, na ndoo mpya ya njano yenye koki. Bibi alimpelekea dereva maji kwenye kata, akagonga kioo. Dereva akakishusha kidogo, upana wa vidole. "Shikamoo mama. Asante, nimekunywa. Mama Kelvin anawasalimia sana." Kisha akarudi nyuma kwa haraka, nusura amkanyage mbuzi wa jirani.

"Dereva gani huyu hanywi maji ya watu," Bibi alisema. Lakini hakukaa na kinyongo, alikuwa na furaha mno. Akamgeukia Shangazi, akafungua mikono. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Shangazi akarudi nyuma hatua mbili tatu. Akapiga magoti mbali, kwenye mchanga, akaamkia kutoka pale pale.

Majirani walijaa kabla jua halijashuka. Na hapa nataka niseme kitu kuhusu Mzee Malogo. Siku chache kabla ya hapo alikuja kijana mmoja wa kijijini kutoka Dar, kwa miguu kutoka barabarani, na begi lake mgongoni. Mzee Malogo alimzuia njiani, akamlaza kwenye pagale lisilo na paa, mama yake akawa anamwekea chakula kwenye jiwe. Alisema ni agizo, kila anayetoka mjini aripotiwe. Lakini Shangazi alikuja na gari jeupe na katoni ya sabuni. Mzee Malogo aliingia uani kwetu akicheka, akauvuta mkono wa Shangazi ambao Shangazi alikuwa anauficha ndani ya kitenge, akautikisa kwa salamu zetu zile ndefu za kuulizana mpaka ng'ombe, akaondoka na miche miwili ya sabuni. Hakuna aliyeripoti. Bibi aligawa sabuni kama anayegawa sadaka, kila aliyekuja alipata.

Jioni tukaandaa chakula, ugali wa uwele na mlenda. Nikaleta beseni. Bibi akanawa, akamsogezea Shangazi. Shangazi akasema, "Mama, mimi nitakula kule jikoni. Naomba sahani yangu na kikombe changu, visichanganywe." Bibi alibaki ameshika beseni. Sisi kwetu sahani ni moja, mkono wako unakutana na wa mwenzako, na mtu anayeomba sahani yake pekee ama ana ugomvi ama anawashuku uchawi. Shangazi alishachukua mkeka anaelekea jikoni, na huko ndiko alikolala tangu siku hiyo.

Asubuhi akaiweka ile ndoo ya koki juu ya kinu kilichopinduliwa, akanionyesha kwa mbali. Unafungua, unajipaka sabuni, unasuuza, maji yanakwenda zake. Bibi aliposikia maji yanadondoka mchangani alitoka mbio. "Maji yaliyobebwa kichwani mnayamwaga chini?" Akaleta beseni akaliweka chini ya koki ili yasipotee. Yakijaa, tunanawia yale ya kwenye beseni. Baada ya siku mbili ndoo ikapelekwa ndani kuwa ya maji ya kunywa, ikafunikwa kitambaa kilichodariziwa. Kitakasa mikono nilikichukua mimi. Jumapili nilijipaka shingoni na kwapani, nikaenda kanisani nikijiona ninanukia kama mtu wa mjini.

Nilimchukia Shangazi siku zile. Lazima niseme hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimemsubiri tangu Krismasi anisuke, naye nikimkaribia ananinyooshea mkono nisimame. Akikohoa anaingia ndani ya jiko na kujifungia. Nilidhani mji umemharibu, ametuona tunanuka jasho. Bibi alidhani vivyo hivyo, ila yeye aliumia zaidi. Nilimwona anajinusa kiganja, halafu anakwenda kunawa.

Kisha ikafika siku ambayo Bibi hakuvumilia. Ilikuwa mchana, nimekaa nyuma ya jiko ninachambua zabibu kavu, wao hawanioni. Bibi alikuja na bakuli la uji wa uwele, na badala ya kuliweka kwenye jiwe kama Shangazi alivyoomba, akasimama mlangoni kabisa.

"Damari. Mimi nanuka?"

"Hapana, mama."

"Umeingia dini gani isiyoruhusu mtu kula na mama yake?"

Shangazi akaanza kulia. Kilio chake kilikuwa na kikohozi ndani, havikutengana. "Mama, rudi nyuma. Nakuomba. Mimi ni mgonjwa."

Akamwambia yote, nami nikasikia yote. Bosi alirudi safari ya nje akiwa na homa. Mama Kelvin akawachukua watoto wakahamia nyumba yao nyingine, akasema wanampisha baba apumzike. Shangazi akabaki. Alikuwa anamwinua, anamwogesha, anamlisha kwa kijiko, anamfukizia maji ya moto na majani, na hakuna aliyemwambia ule ni ugonjwa gani. Daktari alikuwa anakuja amevaa mpaka viatu vya nailoni, Shangazi amevaa kanga. Bosi alipoanza kupata nafuu, Shangazi akaanza kukohoa. Mama Kelvin akampigia simu, hakuja mwenyewe, akamwambia amefanya kazi sana, sasa aende nyumbani akapumzike na mama yake, dereva atampeleka pamoja na zawadi. "Akasema nisiwaambie watu, Mama. Akasema wakijua watanitenga. Nikamuuliza, nisiende hospitali? Akasema hewa ya shamba ni dawa."

Nilitegemea Bibi atapiga yowe. Akasema, "Na gari?"

"Dereva alikuwa anaogopa. Walisema nikae nyuma nipate upepo."

"Kwa hiyo wao wamekuogopa, wakakuleta kwangu."

"Nilikuwa sina pa kwenda, Mama. Ndiyo maana nakaa huku."

"Sasa nisikilize. Hilo neno lisitoke nje ya ua huu. Malogo akilisikia atakulaza kwenye pagale kama yule mtoto wa watu." Nikamsikia anavuta kile kistuli cha kukamulia mbuzi, anakaa. "Ulipougua surua nilikulalisha kifuani siku zote. Kifaduro kilikushika nikakubeba mgongoni mpaka ng'ambo ya bwawa. Mbona sikukuwekea chakula kwenye jiwe?"

Nikachungulia kwenye tundu la ukuta. Shangazi alikuwa amekunywa uji kidogo, umemshinda, bakuli amelisukuma pembeni. Bibi akaliokota. Shangazi akasema, "Mama, usifanye hivyo." Bibi akalitazama bakuli, akalipeleka mdomoni, akanywa uji ule wote uliobaki, taratibu, mpaka akafuta ukingo kwa kidole na kukilamba. Kisha akamvutia binti yake mapajani, akaanza kumfuta uso kwa ncha ya kanga yake.

Hicho ndicho ninachokijua. Sijui ugonjwa ulipitia kwenye uji, au kwenye pumzi, au kwenye beseni, na madaktari wabishane wao. Ninachojua ni kwamba Bibi aliambiwa, akaelewa, akachagua. Alikataa mtoto wake aishi kama kitu kilichotupwa. Waliomtupa walikuwa na vyumba vya kumtengea, walikuwa na daktari, walikuwa na gari, na bado wakaona mahali pa kumuuguzia ni kwenye tembe la bibi kizee.

Shangazi alipona. Bibi akaanza na kuumwa kiuno, akasema ni zabibu zile za kuinama. Halafu homa. Halafu usemi wake ukawa unakatika katikati, anavuta pumzi kama anayepanda kilima, naye amelala. Watu tuliokuwa tunawajua wenye gari walikuwa ni wale wa mjini tu. Shangazi alipiga simu akiwa amesimama kwenye kichuguu, ndiko mtandao unakopatikana, akaweka sauti ya juu kwa sababu spika ya sikioni ilikuwa mbovu.

"Mama Kelvin, shikamoo. Ni Damari. Mama yangu amezidiwa, hapumui vizuri. Naomba gari litusaidie tu mpaka hospitali ya mjini."

"Jamani, Damari, pole sana," ile sauti ilikuwa laini, ya kusikitika kwelikweli. "Lakini gari tumelipuliza dawa juzi tu, baada ya wewe. Siwezi kulirudisha huko tena, unanielewa? Mfukizeni. Mpeni tangawizi na malimau."

"Hawezi kukaa hata kufukizwa, mama."

"Tunamwombea. Na wewe ukishakuwa sawa kabisa uniambie, maana nyumba huku imelala."

Shangazi akashuka kwenye kichuguu, akakata kitenge vipande viwili, tukamfunga Bibi kwenye pikipiki, katikati ya mwendesha bodaboda na Shangazi, kichwa chake kikiwa begani kwa yule kijana. Nilifuata kwa miguu. Zahanatini nesi alikuwa peke yake, barakoa yake ameifua mpaka imekuwa na manyoya. Hakutufukuza. Alimlaza Bibi kwenye benchi la nje, penye hewa, akatuambia ukweli: hapa hakuna mtungi wa hewa, mtungi uko mjini, na gari la wagonjwa limekwenda upande mwingine. Akakaa naye, akamshika mkono kwa mkono usio na glovu. Nilipofika, jua likiwa utosini, Bibi alikuwa ananitafuta kwa macho. Nilimwonyesha viganja vyangu nikamwambia nimenawa. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Alifumba macho na hakuyafumbua.

Siku ya mazishi kijiji kilishajua. Mwendesha bodaboda alisema, au nesi, au kikohozi chenyewe kilijisemea. Mzee Malogo alisimama kwenye njia ya makaburini akasema aliyeleta ugonjwa asikanyage pale. Alisema kwa sauti ya serikali. Wanaume walioshika majembe, wanawake waliojifunga kanga, wote nyumbani kwao kulikuwa na mche wa sabuni ya Shangazi, na wote wakaitikia. Nikasema, "Bibi alikunywa mwenyewe, alijua." Mama mmoja akanifinya bega. "Mtoto, kwenye msiba hapasemwi." Shangazi alibaki mwisho wa mizabibu, mbali, amevaa kitenge kimoja kilichosalia. Ilipofika zamu ya wajukuu kutupa udongo nilichota konzi mbili. Moja ilikuwa yake.

Hakuna aliyemtaja Bosi. Miezi ile yote sikusikia mtu hata mmoja kijijini anauliza Damari naye aliutoa wapi. Hasira ilitembea mpaka ikafika kwa mtu wanayemweza, ikakaa. Kuhusu wale wa mjini walisema tu, masikini, walivyokuwa wema, gari zima na mchele.

Shule zilipofunguliwa pikapu ilirudi. Vioo vyote chini, muziki unalia. Dereva alishuka, bila barakoa, akamwamkia kila mtu mzima, akapewa maji kwenye kata, akanywa akaomba mengine. Akasema Bosi amepona kabisa, wanafanya ibada ya shukrani Jumamosi, watu wengi wamealikwa. Alishatoa ushuhuda kanisani, akasimulia jinsi Mungu alivyompigania na jinsi mke wake alivyomuuguza usiku na mchana. "Mama Kelvin kasema lazima uje, Dada Damari. Vyombo vitakuwa vingi."

Shangazi alikuwa ameshafunga mfuko wake. Jana yake nilimlilia asiende, nikamwambia nitaacha shule nilime zabibu. Alinisuka kwanza, akamaliza, akasema, "Ukiacha shule ndipo watakuwa wametumaliza wote watatu." Ndiko ada yangu inakotoka mpaka leo.

Dereva akafungua mlango wa mbele. Nailoni ilishaondolewa, kiti kilikuwa kisafi, cha kitambaa cha kijivu. "Karibu mbele, dada yangu."

Shangazi akakitazama kile kiti. "Siku ile alikaa nani hapa?"

Dereva akainamisha kichwa. Alikuwa kijana tu, na nadhani si mbaya. "Dada, mimi niliambiwa."

"Najua uliambiwa."

Akazunguka. Akatupa mfuko wake kwenye bodi, akakanyaga tairi, akapanda, akakaa juu ya tairi la akiba, miguu ameibana, mikono magotini. Majirani walikuwa wametoka milangoni. Mzee Malogo alikuwa palepale na baiskeli yake, ndiye wa kwanza kupunga mkono.

"Dada Damari, shuka basi," dereva alisema kwa sauti ya chini. "Nikiingia nawe mjini umekaa huko, watu watanionaje?"

"Endesha, mdogo wangu. Si mlitaka nipate upepo?"

Gari likaondoka. Kitenge alikuwa amekishusha shingoni, mdomo wake wote uko wazi, anatutazama sisi sote bila kupunga. Watoto wenzangu wakalikimbilia wakipiga kelele, kama nilivyofanya siku ile. Mmoja akanivuta mkono, twende. Nikautoa mkono wangu, nikarudi ndani kuchukua dumu, maana nyumba haikuwa na maji.